Vumbi kwenye sensa ya kamera: swabu, jeli au brashi? Na hii michirizi baada ya kupangusa inatoka wapi?

#1 Njiro_Lenzi
Wakuu habari. Kuna bodi mbili za kamera hapa, Nikon D750 na Sony A7 III, zote fulu fremu (zenye sensa kubwa), zinashinda Amboseli na Tsavo kiangazi chote. Nataka kununua vifaa vya kusafishia sensa (kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera) mara moja, nisijaze droo. Dukani wana seti ya vitu kumi kwenye mfuko mmoja: pampu, brashi, kalamu ya lenzi, vitambaa, swabu (vijiti bapa vyenye kitambaa), na kichupa cha dawa ambacho hakijaandikwa kilichomo. Msimamo wangu: kwa vumbi letu hili, swabu na dawa ndiyo mpango mzima, vingine ni mapambo.

Ila kuna kinachonitatiza. D750 imepanguswa kwa swabu, madoa meusi yametoka, lakini imebaki michirizi iliyojipinda upande mmoja na kiduara kimoja chenye kingo. Ukipiga ukuta mweupe kwa f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo sana) vinaonekana wazi. Hivi ni nini?

#2 Kaa_la_Moto
Naweka kambi hapa.

#3 FundiSaa
Mkuu umeanzia mwisho. Swabu ni hatua ya mwisho. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo, na ukiiburuta chini ya swabu unachora mstari ambao hakuna dawa ya kuutoa. Kwa hiyo cha kwanza kununua ni pampu ya mpira ya kupulizia, na ndiyo kifaa pekee ambacho utakitumia kila wiki.

Tafuta pampu kubwa yenye vali chini, kama Giottos Rocket. Vali inafanya hewa iingie kwa nyuma na kutoka kwa mbele. Ile pampu ya famasi ya kutolea makamasi ya mtoto haina vali: ukiiachia inanyonya kwa mdomo uleule, yaani inavuta vumbi la ndani ya kamera kisha inalirudisha. Tena nyingi zinakuja na unga ndani unaozuia mpira usigandane. Hata pampu mpya nzuri, ibonyeze mara ishirini ukiielekeza pembeni kabla haijakaribia kamera.

Kamera ielekeze mdomo (pale lenzi inapokaa) chini, puliza kutoka chini kwenda juu ili kilichong'oka kianguke. Ncha ya pampu isipite mdomo wa kamera. Na anza na mdomo wenyewe, chumba cha kioo cha kuakisi na mgongo wa lenzi. Ukisafisha sensa huku mfuniko wa bodi umejaa vumbi, jioni vumbi limesharudi.

#4 Kipusa_wa_Kona
Makopo ya hewa ya kompyuta je? Yana nguvu zaidi.

#5 FundiSaa
@Kipusa_wa_Kona usithubutu. Ndani ya kopo hakuna hewa, kuna gesi iliyokandamizwa hadi ikawa majimaji. Ukiinamisha kopo au kulitikisa, yanatoka yenyewe yakiwa baridi kali na kuacha utando juu ya kioo. Na shata, lile pazia linalofunguka mbele ya sensa, ni jepesi mno, presha ile inaweza kulikunja pazia hilo.

#6 BintiNyali
Hodi humu. Mleta mada asidharau brashi. Sizungumzii ya vipodozi, nazungumzia ile ya nyuzi za sintetiki iliyotengenezwa kwa sensa, aina ya Arctic Butterfly ya VisibleDust. Unaiwasha izunguke hewani sekunde kadhaa, vumbi la zamani linatoka na nyuzi zinapata chaji ya umeme tuli. Halafu UNAIZIMA, unapitisha mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo. Chaji ndiyo inayovuta vumbi, si msuguano. Kwa vumbi kavu lililokataa pampu, hakuna kifaa chepesi kuliko hicho.

#7 Tsavo_Mashariki
Dada, hiyo brashi ni sawa mpaka siku inagusa grisi. Kando ya chumba cha kioo cha DSLR (kamera zenye kioo ndani, kama D750) kuna vilainishi. Ncha ikigusa hapo mara moja, kuanzia siku hiyo kazi yake ni kupaka mafuta kwenye sensa. Mtu anaona "brashi imeacha michirizi", kumbe ni grisi anayoihamisha kila akipangusa.

#8 BintiNyali
@Tsavo_Mashariki ndiyo maana inaoshwa, na haiguswi kwa kidole wala kulazwa mezani. Tatizo hapo ni mkono, brashi haina kosa.

#9 Mwinyi_wa_Muscat
Assalaam alaikum. Mbona hamjaitaja jeli? Huku vumbi ni jembamba kama poda, pampu hailing'oi. Kijiti cha jeli unakibonyeza juu ya sensa, unakinyanyua wima, unakibonyeza kwenye karatasi ya gundi kiache uchafu, unarudia kipande kwa kipande. Hakuna kuburuta, kwa hiyo hakuna mkwaruzo. Pentax wanayo yao rasmi, O-ICK1, kijiti na karatasi zake. Hamna majimaji, hamna michirizi. Vitu viwili vya kuangalia: karatasi zikiisha usibandike kijiti kwenye selotepu, gundi yake itahamia kwenye jeli kisha kwenye sensa. Na jeli haiondoi mafuta.

#10 Dk_Pikseli
Mwinyi, kwa A7 III ya mleta mada hapo pana tahadhari. Zilipotoka A7 za mwanzo kulikuwa na malalamiko ya jeli ya kawaida kuacha alama kwenye mipako ya sensa za Sony, hadi ikauzwa jeli ya aina yake kwa ajili ya Sony. Anayenunua ahakikishe ni ipi. Za bandia ndizo zimejaa sokoni na hazikuambii chochote.

Pia A7 III ina kitulizaji cha mtikisiko ndani ya bodi, sensa yake inaelea. Ukinyanyua jeli kwa nguvu unaivuta sensa nzima. Bandua taratibu kuanzia pembe moja.

#11 FundiSaa
Naunga mkono. Na kwenye swabu vilevile: sensa inayoelea itasogea kidogo chini ya mkono wako, usishtuke ukaikandamiza.

#12 Lapsi_Lamu
Kabla ya kununua chochote jamani, pimeni kwanza. ISO 100, f/16 au f/22, fokasi ya mkono kwenye umbali usio na mwisho, ukuta mweupe au skrini nyeupe kwa sentimita 30 hivi. Acha shata sekunde 1 au 2 na utikise kamera makusudi. Alama za ukutani zitafutika kwa mtikisiko, vumbi la sensa litabaki palepale kwa sababu linasafiri na kamera. Kisha ongeza kontrasti kwenye programu.

Na muulize kama mnahitaji kusafisha kweli. Kilichokaa na uchafu ni kioo cha mbele ya sensa, kuna nafasi ndogo kati yake na pikseli. Tuseme ni milimita 2. Koni ya mwanga kwenye f/2.8 ina upana wa karibu milimita 0.7 hapo juu, kwenye f/16 ni 0.125 tu. Chembe ya milimita 0.05 inameza sehemu kubwa ya ile koni nyembamba, ya f/2.8 haiitambui. Anayepiga simba kwa f/5.6 hana sababu ya kupangusa kwa ajili ya doa linaloonekana f/22 pekee.

#13 Tsavo_Mashariki
Nyongeza: doa ukiliona juu kushoto kwenye picha, kwenye sensa liko chini kulia, maana picha inapinduliwa yote.

#14 Dk_Pikseli
@Tsavo_Mashariki chini KUSHOTO. Lenzi inapindua juu-chini na kushoto-kulia, sawa. Lakini unaposafisha unaitazama kamera kwa mbele, kwa hiyo kushoto na kulia vinajirudi. Kinachobaki kimepinduka ni juu na chini tu.

#15 Tsavo_Mashariki
Ukisimama nyuma ya kamera ni chini kulia 😀

#16 Dk_Pikseli
Ukisimama nyuma unaona LCD, bwana.

#17 Lapsi_Lamu
😂😂 Turudi kwenye mada.

#18 Mama_Tripodi
Swabu sasa, maana ndiyo swali. Upana wa swabu ufuate upande MFUPI wa sensa. Fulu fremu ni 36 × 24 mm, chukua swabu ya 24. APS-C (sensa ndogo kuliko fulu fremu) ya Nikon na Sony ina kimo cha karibu 15.6, Canon 14.9, swabu ya 16. Micro Four Thirds ni 17.3 × 13, swabu ya 12. Ya 24 ukiilazimisha kwenye APS-C inagonga kingo na kurudi na uchafu wa huko. Nyembamba kwenye fulu fremu inakulazimu kupita mara mbili, na pale njia mbili zinapokutana ndipo mstari unapobaki. Mleta mada umetumia ya ngapi?

Matone: 2 au 3 kwa ya 24, tone 1 au 2 kwa ya 16. Dondoshea kwenye ukingo, subiri sekunde kumi dawa isambae kwenye kitambaa. Weka swabu ukingoni mwa sensa, inamisha mpini kidogo kuelekea unakokwenda, ukandamize hadi ncha ipinde kidogo tu, vuta bila kusita hadi mwisho. Usinyanyue katikati. Geuza upande wa pili, rudi ulikotoka. Tupa. Swabu haioshwi hata ikionekana safi.

D750 iingize kwenye menyu ya kuinua kioo kwa ajili ya usafi, betri ikiwa imejaa. Wengine wanatumia modi ya B, shata inabaki wazi huku wameshika kitufe. Kidole kikiteleza, shata inajifunga juu ya swabu.

#19 Njiro_Lenzi
Asante Mama_Tripodi. Swabu ilikuwa ya 16, ndiyo iliyokuwemo kwenye seti. Dawa ni kile kichupa kisichoandikwa.

#20 Kaa_la_Moto
Kesi imeisha. Tufunge uzi.

#21 Mama_Tripodi
Haijaisha. Ya 16 inaeleza mstari ulionyooka katikati. Yeye anasema michirizi imejipinda na iko upande mmoja, halafu kuna kiduara. Dau langu ni dawa nyingi. Swabu ikilowa sana inasukuma wimbi mbele yake, likifika ukingoni linaloweka gundi na uchafu wa fremu, halafu unapogeuza unavuta uchafu huo kuurudisha ndani. Alama huwa upande uleule mkono ulipoishia.

#22 BintiNyali
Mie naona hewa. Huku pwani unyevu asubuhi unapita asilimia 80. Methanoli ya kwenye dawa inakauka haraka na inapokauka inapooza kioo, mvuke wa hewani unatua hapohapo, ukikauka unaacha kiduara. Fanyeni kazi hiyo kwenye chumba chenye kiyoyozi, na kamera ikae humo saa nzima kwanza ikiwa imefungwa.

#23 Tsavo_Mashariki
Amboseli kiangazi hakuna unyevu wa kiasi hicho dada. Huko ngozi yenyewe inapasuka.

#24 BintiNyali
Kwani aliipangusia Amboseli? Jina lake linasema Njiro, Arusha.

#25 Dk_Pikseli
Hoja ya maji ina nguvu ila si lazima yatoke hewani. Methanoli na aisopropanoli, pombe za kusafishia, zote zinavuta maji. Chupa iliyofunguliwa mara nyingi inakuwa na maji ndani, na maji ndiyo yanayochelewa kukauka. Dawa ya Eclipse ya Photographic Solutions ni methanoli safi kabisa, ndiyo maana haiachi kitu ikiwa mpya. Kichupa kisicho na jina hujui kama ni aisopropanoli ya asilimia 70. Ya famasi huwa hiyo: asilimia 30 ni maji. Spiriti ya hospitali ni mbaya zaidi, nyingine zimetiwa mafuta. Ile ya zambarau ya jiko imetiwa rangi. Hizo zote zisikaribie sensa.

#26 Mwinyi_wa_Muscat
Dk. hapo napinga kidogo. Maji si adui siku zote. Umesahau magadi?

Vumbi la Amboseli linatoka kwenye sakafu ya ziwa lililokauka, lina magadi na chumvi nyingine. Tsavo ni udongo mwekundu wa chuma, huo unapulizika. Chumvi haitaki pombe: methanoli safi inayeyusha chumvi ya kawaida kidogo sana ukilinganisha na maji. Kwa hiyo swabu ya Eclipse inaisogeza tu, inaisambaza kama tao kufuata mkono. Na kiduara ni tone lililoyeyusha chumvi kidogo likakauka, chumvi ikabaki kingoni. Hapo inatakiwa dawa ya asili ya maji kwanza, VisibleDust wanazo, kisha methanoli kukausha.

#27 Mama_Tripodi
Hii ya magadi nimeipenda, lakini chumvi ingefika vipi kwenye sensa ikiwa tone? Vumbi linaingia kavu.

#28 Mwinyi_wa_Muscat
Linaingia kavu, linanyonya unyevu usiku. Au linalowanishwa na dawa yenu yenye asilimia 30 ya maji. Chagueni.

#29 Chuma_Chakavu
Mnazunguka. D750 ni kamera ya shata ya mitambo na kioo kinachopiga. Vilainishi vinarushwa. Nikon D600 ya 2012 ilisumbua kwa hilo hadi Nikon wakatoa tangazo Februari 2013, na 2014 wakawa wanabadilisha shata bure. D610 ilitoka katikati ya hapo na shata tofauti. Doa la mafuta kwenye picha ni la duara, katikati pameng'aa kidogo, kingo nyeusi. Hilo ndilo analolieleza. Mafuta hayatoki kwa pampu, brashi, wala jeli. Na kwa aisopropanoli dhaifu ndiyo kwanza yanapakwa.

#30 Lapsi_Lamu
Mafuta ya D600 yalijulikana kwa kujaa juu kushoto kwenye picha, na madoa yalikuwa mengi. Yeye ana kiduara kimoja.

#31 Chuma_Chakavu
Kimoja leo. Ajaribu hivi: baada ya usafi apige fremu 200 za mfululizo mfuniko wa bodi ukiwa umefungwa, kisha apime ukuta. Viduara vikiongezeka, ni shata. Visipoongezeka, basi ni magadi ya Mwinyi.

#32 FundiSaa
Au ni gundi ya swabu. Swabu nyingi za kwenye seti zina kitambaa kilichobandikwa kwenye plastiki kwa gundi, zile nzuri zimechomelewa kwa joto. Gundi ikikutana na pombe inalainika na kutoka upande mmoja, ule wenye mshono. Kupima: dondoshea matone mawili kwenye swabu mpya, pangusa kioo cha simu kilicho safi, kiinamishe kwenye mwanga. Michirizi ikibaki kwenye simu, usitafute mchawi kwenye kamera.

#33 Dk_Pikseli
Kipimo kizuri. Na kinapima dawa na swabu kwa pamoja, kwa hiyo rudia na swabu ileile kwa dawa nyingine ili ujue kosa ni la nani.

#34 Makunja_RF
Kuna anayetumia Leica humu? Kwa M9 kiduara chenye kingo kinaweza kisiwe uchafu kabisa. Kioo cha sensa ya M9 kinapata kutu, na Leica walilikubali tatizo hilo. Mtu anapangusa na kupangusa, doa halisogei. Ikiwa doa halihami hata milimita baada ya swabu mbili, acha. Ama liko chini ya kioo, ama kioo chenyewe kimeliwa.

#35 Kaa_la_Moto
Leica? Humu tunajadiliana bei ya betri mkuu 😀

#36 Njiro_Lenzi
Kipimo cha FundiSaa kimefanyika. Kwenye kioo cha simu inabaki michirizi miwili, upande mmoja wa swabu. Bila dawa haibaki. Fremu 200 za Chuma_Chakavu: hakuna kiduara kipya. Kile cha zamani kipo palepale.

#37 FundiSaa
Michirizi ni gundi. Nilisema.

#38 Mama_Tripodi
Au dawa kuzidi. Umeweka matone mangapi?

#39 Njiro_Lenzi
Manne.

#40 Mama_Tripodi
🙂

#41 Mwinyi_wa_Muscat
Na kiduara kisichohama hakijajibiwa na yeyote kati yenu. Tia dawa ya maji.

#42 Dk_Pikseli
Kabla ya kutia chochote, kitazame. Lupu (kioo cha kukuzia) yenye taa inakuza mara 5 hadi 7 na inakalia mdomo wa kamera. Ukimulika tochi kwa ubavu, vumbi linang'aa, mafuta yanaonyesha rangi za upinde wa mvua, mkwaruzo unabaki mstari ule ule ukigeuza mwanga.

#43 Kipusa_wa_Kona
Lupu ya sonara mara 10 haitoshi? Zinapatikana kirahisi.

#44 FundiSaa
Kwa Sony inatosha, kwa D750 hapana. Lupu ya mara 10 inaona umbali wa milimita 25. Kutoka mdomo wa Sony E hadi sensa ni milimita 18, unasimama nje vizuri. Nikon F, mdomo wa D750, ni 46.5, Canon EF ni 44. Itabidi uichomeke ndani ya chumba cha kioo, na hapo ndipo mikwaruzo inapozaliwa. Kwa hizo chukua ya mara 5, inaona milimita 50.

#45 Njiro_Lenzi
Basi orodha imekuwa: pampu yenye vali, swabu za 24 za kuchomelewa, Eclipse, lupu ya mara 5. Jeli naiweka pembeni kwa sababu ya Sony. Brashi?

#46 BintiNyali
Nunua.

#47 Tsavo_Mashariki
Usinunue.

#48 Lapsi_Lamu
Eclipse usiipange kwenye begi la ndege, ni methanoli, inawaka na ni sumu. Agiza ifike kwa njia ya kawaida au chukua dawa ya asili ya maji isiyowaka. Hiyo pampu ya umbo la roketi nayo iweke mahali pa kuonekana, askari wa kwenye mashine wanapenda kuishika.

#49 Kaa_la_Moto
Swali la mwisho kabla sijang'oa kambi. DSLR yangu naona madoa meusi nikichungulia kwenye dirisha la kutazamia, lakini kwenye picha hayapo hata f/22.

#50 Mama_Tripodi
Hayo yako kwenye skrini ya fokasi, juu ya kioo cha kuakisi, hayana habari na sensa. Puliza kwa pampu tu. Usiguse kwa swabu wala dawa, ile ni plastiki laini, pombe inaitia ukungu na kitambaa kinaichora. Yakikataa pampu, yaache.